Aliyepandikizwa Figo Akisumbuliwa na Tumbo
Mazungumzo na wananchi wa Tunduma, Mkoa wa Songwe



Upandikizaji wa figo ulianza kufanyika nchini mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mgonjwa hurejea nyumbani na figo aliyopewa na ndugu yake, pamoja na dawa za kuizuia kinga ya mwili isiishambulie figo hiyo. Dawa hizo hutumika kila siku, muda wote figo inapofanya kazi.

Baadhi yake husumbua tumbo. Mikofenoleti huweza kuleta kuharisha, kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Wapo wanaotafuta nafuu kwa kuacha dawa siku mbili tatu. Tunawasihi msifanye hivyo: mwili unaweza kuanza kuikataa figo pasipo mgonjwa kuhisi maumivu yoyote.

Si kila kuharisha kunatokana na dawa. Kinga iliyoshushwa hutoa nafasi kwa vimelea. Tena, kuharisha kwenyewe kwaweza kupandisha kiwango cha takrolimasi katika damu, hata kama mgonjwa hajazidisha kidonge, na kiwango hicho kikadhuru figo. Hayo hubainishwa kwa vipimo.

Kwa hiyo, ukiharisha au kutapika, pigia simu kliniki yako siku hiyohiyo. Kunywa maji salama yaliyochanganywa na dawa ya kuongeza maji mwilini. Ukitapika dawa, usirudie kumeza kabla ya kuuliza. Daktari anaweza kugawa dozi, kuipunguza au kubadili dawa. Uamuzi huo ni wake.

Dukani, mweleze mfamasia kwamba umepandikizwa figo. Dawa za kiungulia zenye magneziamu au alumini hupunguza nguvu ya mikofenoleti; erithromaisini hupandisha takrolimasi, na tunda la balungi vilevile. Nasi tunaoishi hatua chache kutoka Nakonde tusinunue dawa za magendo, wala tusibadili aina ya takrolimasi bila daktari kujua. Anayesafiri abebe akiba ya kutosha.

Madhara yoyote ya dawa yaripotiwe kwa mtoa huduma wa afya, au katika ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, iliyopo Mbeya. Taarifa ya mgonjwa mmoja huweza kuwakinga wengi.