Nani Ashike Saa? Fizikia ya Sekondari na Kazi Zinazoongozwa na Wanafunzi



Nianze na karatasi ya maelekezo ambayo karibu kila aliyesoma fizikia hapa nchini amewahi kuishika. Funga gololi ya chuma kwenye uzi. Urefu uwe sentimita 100. Ivute kando kidogo, iachie, hesabu mibembeo 20, andika muda. Punguza urefu uwe sentimita 90, rudia. Kisha 80, kisha 70. Chora grafu, tafuta mwinamo, kokotoa mchapuko wa uvutano. Jibu linajulikana kabla mtu hajafunga uzi, nalo ni 9.8. Aliyepata 8.6 anajua la kufanya: anachukua ufutio na kuzirekebisha namba za jedwali mpaka zikubali. Hicho ndicho tunachokiita jaribio.

Sasa itazameni meza yenyewe. Wanafunzi kumi, stendi moja. Mmoja ameshika saa, mwingine anaachia gololi, wa tatu anaandika, na saba waliobaki wanatazama migongo ya wenzao. Anayeshika saa leo ndiye aliyeishika wiki iliyopita. Msichana kapewa daftari kwa sababu, eti, ana mwandiko mzuri. Mkaguzi akipita mlangoni ataandika kwamba somo lilikuwa la vitendo, na hatakuwa amesema uongo.

Tangu mtaala wa sekondari wa Tanzania ulipoelekezwa kwenye ujenzi wa umahiri mwaka 2005, tumesikia sana kwamba mwanafunzi awe kiini cha somo, na kwamba mwalimu azingatie tofauti za wanafunzi wake. Sina ugomvi na maneno hayo. Ugomvi wangu ni na tulivyoyatekeleza. Katika shule nyingi, kuzingatia tofauti kumekuwa na maana ya kuwagawa watoto: wanaoitwa wazito wananakili fasili, wanaoitwa wepesi wanapewa hesabu. Mtoto wa kundi la chini anaweza kumaliza miaka minne bila kukutana hata mara moja na swali lenye utamu. Kinachopaswa kutofautiana, kwa maoni yangu, ni msaada. Swali libaki moja kwa darasa zima, tena liwe gumu kiasi cha kumsumbua hata mwalimu.

Nionyeshe ninachosema kwa pendulumu ileile. Darasa ni la kidato cha tatu, wanafunzi 60. Maabara imefungwa, au haipo. Mwalimu ana bonge la uzi, kufuli kuukuu, mawe ya ukubwa mbalimbali na misumari iliyogongomewa kwenye kingo za madawati. Saa hana, na wanafunzi hawaruhusiwi simu. Ubaoni ameandika swali moja: ni kitu gani kinachofanya pendulumu iende haraka au polepole? Kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, kila mmoja anaandika dhana yake na sababu yake kwenye daftari. Dakika tano za ukimya. Hatua hii walimu wengi huiruka, nami ningekuwa tayari kuacha nusu ya somo kuliko kuiacha hii, kwa sababu hapo ndipo mtoto asiyeongea darasani anapopata kuwa na msimamo.

Kisha makundi ya wanne wanne. Kila kundi linachagua dhana moja ya kuipima: uzito, urefu wa uzi, au umbali wa kuivuta kando. Juu ya meza ya mwalimu kuna kadi za aina mbili. Moja ina hatua mbili za mwanzo na jedwali lenye vichwa vya safu tu. Nyingine ina onyo moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kundi litakalokwama linakuja kuchukua kadi, lisilokwama haliji. Hakuna aliyetangazwa kuwa mzito. Wiki ijayo waliochukua kadi leo huenda wasiihitaji, na mabingwa wa leo wakaja kuipangia foleni.

Na saa je? Haihitajiki. Funga pendulumu mbili sambamba, ziachie pamoja, utazame ipi inaachwa nyuma. Waliochagua urefu wataona kwamba uzi wa sentimita 25 unakwenda na kurudi mara mbili wakati ule wa sentimita 100 unakwenda na kurudi mara moja. Walitegemea uzi wa nusu uende mara mbili. Ikabidi uwe robo. Kipeo cha pili kimejitokeza chenyewe kwenye dawati, kabla ya fomula kuandikwa.

Waliochagua uzito watapata jibu lisilo sahihi, na hapo ndipo panapomtaka mwalimu aliyejiandaa. Wamening'iniza kufuli dogo upande mmoja na jiwe kubwa upande wa pili, kwa nyuzi zenye urefu sawa, na jiwe limechelewa. Wanaandika kwa furaha kwamba kizito huenda polepole. Mwalimu mwenye haraka atawaambia wamekosea, na kazi itaishia hapo. Mwalimu ninayemtaka atauliza swali moja tu: urefu mmeupima kutoka wapi mpaka wapi? Watainama, watatazama, watagundua kwamba jiwe ni kubwa, kitovu chake kiko chini zaidi ya kitovu cha kufuli, kwa hiyo pendulumu hizi hazikuwa na urefu sawa hata kidogo. Watafupisha uzi wa jiwe na kurudia. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi, na sijaona kundi lililopita katika mkanganyiko huo likasahau kwamba urefu hupimwa hadi kwenye kitovu cha uzito.

Kundi la tatu ndilo linalonifurahisha zaidi. Karatasi ya maelekezo husema "vuta kidogo" bila kueleza kwa nini. Wao hawana karatasi, kwa hiyo mmoja ataivuta ya kwake hadi nyuzi 60, mwenzake nyuzi 10. Mwanzoni zinaonekana kwenda pamoja. Kufikia mbembeo wa saba au wa nane, moja iko kulia na nyingine iko kushoto. Galileo aliamini kwamba ukubwa wa mbembeo haubadilishi muda wake. Christiaan Huygens ndiye aliyekuja kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1673, ni mkondo wa umbo gani ungelifanya jambo hilo liwe kweli. Watoto wa kidato cha tatu, kwa kufuli na jiwe, wamemkamata Galileo. Wengine katika kundi hilo hawajawahi kupata alama 40.

Najua baadhi yenu mnasubiri kunikumbusha makala ya Kirschner, Sweller na Clark ya mwaka 2006, iliyodai kwamba kumwacha mwanafunzi avumbue mwenyewe bila mwongozo ni kumpotezea muda. Nakubaliana nayo kuliko mnavyodhani. Mtu asiyejua lolote akipewa vifaa na kuambiwa "gundua" atacheza, na kucheza kuna kikomo chake. Anayeanza anahitaji mfano uliofanywa hadi mwisho mbele ya macho yake. Lakini utafiti wa upande huohuo umeonyesha pia kwamba msaada unaomfaa mgeni humzuia mzoefu. Basi tofautisheni msaada! Tena si lazima yote yafanyike kwa mikono. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aligundua kwamba wanafunzi wake waliokokotoa mahesabu magumu walishindwa maswali mepesi ya dhana. Akaanza kusimamisha mhadhara wake, kuuliza swali, kumtaka kila mmoja achague jibu peke yake, kisha amshawishi jirani yake, kisha wachague tena. Mbinu hiyo inahitaji chaki tu. Na mwaka 1998 mtafiti Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 wa Marekani katika somo la mekanika: wale waliofundishwa kwa kushirikishwa walipanda, kwa wastani, takriban mara mbili ya waliosikiliza tu. Marekani si Mbeya, na chuo si kidato cha pili, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Sihitaji kwenda mbali hivyo, hata hivyo. Mfano mkubwa kabisa tunao hapa kwetu, na tunautaja zaidi kwa kujivunia kuliko kwa kujifunza.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi zilikuwa za kugombea. Mpemba akaona zitajaa, akayaingiza yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaingiza mabichi bila kuchemsha. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia kwamba yeye huweka ya moto kila siku, ndiyo huganda upesi. Muuzaji alikuwa na takwimu nyingi kuliko shule, ila hakuna aliyemuuliza.

Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, Mpemba aliuliza tena walipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Darasa likaidaka, ikawa kila akikosea hesabu wanasema ni hisabati ya Mpemba. Hakuacha. Alipokuta maabara ya biolojia iko wazi, alichukua bika mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Na alipokuja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba aliliuliza swali lake mbele ya shule nzima, wenzake wakicheka. Osborne hakujifanya anajua. Alirudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, na kwamba watarudia mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 makala ilichapishwa katika jarida la Physics Education, ikiwa na majina mawili: Mpemba na Osborne.

Nataka tuitazame kazi yenyewe. Osborne aliweka bika juu ya kipande cha povu la plastiki, ili chombo cha moto kisiyeyushe barafu ya sakafu ya friza na kugusana nayo vizuri zaidi. Alimwaga utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kukachelewa sana, akajua sehemu kubwa ya joto hutokea juu. Haya mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuyafanya kwa vikombe viwili na saa ya ukutani. Wa kidato cha nne atachora mikondo ya kupoa. Wa kidato cha sita atabishana kuhusu uvukizaji, kuhusu maji ya moto yanavyopanda na ya baridi kuzama, kuhusu maji yanayoshuka chini ya sifuri bila kuganda. Swali ni moja kwa wote. Na halijaisha: mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walilipima upya, hawakupata ushahidi wa kuridhisha, wakaonyesha kwamba kukipandisha au kukishusha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunatosha kuleta matokeo ya uongo. Mwanafunzi atakayejua alipokiweka kipimajoto chake ana haki ya kuingia katika mjadala huo.

Niguse mambo mawili ambayo hayakwepeki. La kwanza ni lugha. Sekondari yetu inafundisha fizikia kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huitumia nusu ya akili yake kutafuta sarufi. Waache makundi yabishane kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, kwa lolote, kisha waandike ripoti kwa Kiingereza, wakisaidiwa na orodha ya maneno ubaoni. Najua kuna shule zinazowavisha watoto kibao shingoni kwa kusema Kiswahili. Shule hizo zisishangae ukimya wa maabara zao.

La pili ni mtihani, na hapa walimu wana haki ya kulalamika. Mtu anayepimwa kwa ufaulu wa kidato cha nne hawezi kutumia vipindi viwili kwa kufuli na jiwe wakati mtihani unadai jedwali safi na grafu nzuri. Kumhimiza ajitolee ni kumwonea. Napendekeza jambo dogo linaloweza kuanza na mitihani ya majaribio ya mikoa, kabla ya kugusa wa taifa. Katika karatasi ya vitendo, robo ya alama itolewe kwa sehemu isiyo na maelekezo: mtahiniwa apewe uzi, mzigo, rula na saa, aandike swali lake mwenyewe, aseme atabadilisha nini na ataacha nini vilevile, achukue vipimo vichache, kisha aeleze ni kipimo gani hakiamini na kwa nini. Mwenye 8.6 aliyeeleza kwamba aliivuta gololi mbali mno badala ya kidogo apate alama nyingi kuliko mwenye 9.8 asiyejua ilikotoka. Kusahihisha kutakuwa kugumu zaidi, na wasahihishaji watahitaji kukaa pamoja kabla ya kuanza na kusoma majibu ishirini au thelathini kwa sauti mpaka waelewane wanatafuta nini. Idara yangu iko tayari kuandaa rasimu ya karatasi hiyo na kuijaribu katika shule zitakazojitolea muhula ujao. Fomu za kujiandikisha ziko mezani pale mlangoni.