Theluji ya Kibo na Hofu Isiyosemwa

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu, kwenye ukumbi wa shule)



Mwenyekiti aliponiandikia alinitaka, kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali katika mambo ya maji, nizungumzie mabadiliko ya tabianchi. Nilikuwa nimekwisha kuandaa hotuba ya takwimu ambayo ingewalaza usingizi nyote. Kisha Mkuu wa Shule akanipigia simu, akanieleza kwamba katika mdahalo wa muhula uliopita kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akauliza: "Tunasomea nini, ikiwa theluji ya Kibo inakwisha na maji yatakauka?" Ukumbi ukanyamaza. Baadaye mwalimu wa bweni akagundua kwamba kijana huyo na wenzake kadhaa hawapati usingizi. Basi ile hotuba nimeiacha ofisini, na leo najaribu kumjibu kijana huyo. Jina lake sijaambiwa, wala sikutaka kuambiwa.

Alilosema juu ya theluji ni kweli, na sitamficha kwa sababu anaogopa. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Ilipopimwa mwaka 2011 hazikufika hata 2. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2022 inatazamia kwamba iliyobaki itatoweka kabla ya mwaka 2050. Babu zenu wakiwaambia kwamba mlima ulikuwa mweupe kuliko huu mnaouona mkiwa paredi, hawapigi porojo.

Lakini la pili, kwamba maji yatakauka kwa kuwa theluji imekwisha, si kweli. Kosa hili nimelisikia hata kwa watu wenye shahada. Barafu ile ni ndogo mno kulisha mito ya mlima huu, na sehemu yake kubwa hugeuka mvuke palepale juu bila hata kuwa maji. Mifongo yetu na chemchemi zetu hulishwa na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, pamoja na ukungu unaonaswa na majani na zile ndevu zinazoning'inia mitini. Mioto ya miaka mingi imeushusha mpaka wa juu wa msitu huo, na watafiti waliouchunguza wanaiona hasara hiyo kuwa kubwa zaidi kwa maji kuliko hasara ya barafu. Mnaukumbuka moto wa Oktoba 2020, jinsi mamia ya watu walivyopanda kuuzima, wengine wakiwa na matawi mabichi tu mikononi. Wale, kwa maoni yangu, waliyatetea maji yetu kuliko watu wote tuliokaa mezani kuandika barua juu ya theluji.

Naomba kijana wangu alipime jibu hilo vizuri. Barafu haiwezi kurudishwa na shule hii. Msitu unaweza kulindwa na watu wenye miguu na majembe.

Sasa nije kwenye usingizi. Mwaka 2021 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa vijana 10,000 wenye umri wa miaka 16 hadi 25, katika nchi 10. Kwetu Afrika Mashariki hawakufika. Katika Afrika waliiuliza Nigeria tu. Vijana 59 katika kila 100 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa kupita kiasi juu ya tabianchi, na zaidi ya 45 katika 100 walisema wasiwasi huo unaingilia maisha yao ya kila siku. Kwa hiyo aliyeuliza swali lile si mwoga wala si mgonjwa. Ameelewa somo lake la Jiografia, basi. Mtaalamu mmoja wa Australia, Glenn Albrecht, aliwatazama watu wa bonde lililochimbwa makaa ya mawe, akaibunia huzuni yao jina la solastaljia. Sisi sote tunaijua huzuni ya kukumbuka nyumbani: ni ile ya usiku wa kwanza wa Kidato cha Kwanza, blanketi limevutwa hadi kichwani. Hii ya Albrecht ni ya mtu asiyeondoka kwao, ila kwao ndiko kunakomwondoka.

Yupo mwenzetu mmoja wa mwaka wetu, aliyeniruhusu kulisema hili bila jina. Msianze kutazamana. Analima kahawa na migomba kwenye kihamba cha baba yake. Masika yakichelewa hata juma moja, huamka saa nane za usiku akaenda kusimama gizani, akisikiliza kama mfongo unapitisha maji. Zahanati alikwenda mara tatu akasema ana presha. Kila alipopimwa, presha haikuwapo. Mkewe ndiye aliyelitamka neno lenyewe nilipowatembelea: "Shemeji, huyu anaogopa." Mwenzetu akainuka akaenda kutazama ng'ombe.

Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na bweni liliongezea. Mwanamume huumwa malaria, huumwa presha, huchoka, haogopi. Hofu yake huipeleka kilabuni. Mtu akibadilika kidogo tunafanya utani kwamba apelekwe Mirembe, na utani huo umewazuia wengi kwenda hata hospitali ya wilaya. Nanyi vijana nisikieni hapa: mwenzenu akikosa usingizi majuma mawili, au akiacha kula, mwambieni mwalimu. Akisema afadhali asingekuwapo duniani, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Miti haitibu hilo.

Kwa hofu iliyo ya kawaida, wenzetu wa Zimbabwe wametutangulia. Tangu mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa Harare kukaa kwenye mabenchi ya mbao karibu na zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Bibi hamwambii mtu asiwe na wasiwasi. Humsikiliza mpaka aimalize orodha yake, kisha humwuliza ni tatizo lipi moja waanze nalo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao.

Mwenzetu naye alianza na moja. Aliingia kwenye kamati ya mfongo, na sasa kila wanaposafisha banio na kupanda miti chanzoni yumo. Bado huamka usiku, lakini si kila usiku, na juzi alinieleza habari hizo mwenyewe bila kwenda kutazama ng'ombe.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. La kwanza, Chama kigharimie walimu wawili wakajifunze ushauri nasaha, na benchi liwekwe pale chini ya mti, mbali na ofisi, maana hakuna mwanafunzi atakayeeleza hofu yake karibu na mlango wa mwalimu wa nidhamu. La pili ni ule ukingo wa kijito nyuma ya mabweni, ambao umebaki mtupu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka meta 60 za ukingo zilindwe. Kila mwaka wa wahitimu uchukue kipande chake pamoja na kidato kimoja, wapande miti ya asili, si mikaratusi, na warudi kuipalilia. Sipendi upandaji wa kupiga picha. Ninavyo viwanja kadhaa vya namna hiyo katika mafaili yangu, na mbuzi wamevifaidi.

Miche 200 imo ndani ya gari, nje hapo. Tutaanza kesho saa nne, baada ya ibada. Shule ina majembe 12 tu, hivyo mwenye lake aje nalo, na kijana aliyeuliza swali, kama atapenda, achague mahali pa mche wa kwanza.