Muziki Nao Ni Msaragambo

Ndugu zangu wa Lembeni mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Mhasibu akipewa kipaza sauti mnategemea hesabu. Zitakuja. Nianze na msaragambo. Wazee wetu walipoitwa kuchimba mfereji, hakuna aliyepimwa nguvu kwanza. Mwenye jembe alilima, mwenye panga alifyeka, bibi alileta maji ya kunywa. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake.

Kwaya nyingi za shule haziendi hivyo. Huchaguliwa sauti nzuri za mashindano, na mtoto kiziwi, mwenye kigugumizi au anayetembelea magongo hubaki kuchungulia dirishani. Lakini kiziwi huhisi mtetemo wa ngoma viganjani na nyayoni. Wenye kigugumizi wengi huimba bila kukwama. Wa magongo atapiga kayamba ameketi. Kinachokosekana ni mwalimu aliyefundishwa kuwaingiza.

Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, kinafundisha muziki kwa ngazi ya shahada, na kipo kwenye barabara kuu hii hii inayopita kwetu. Napendekeza tukiandikie barua, tuombe wanaosomea muziki na wanataka kufundisha waje kwetu kwa mazoezi. Asubuhi wafundishe darasani. Jioni wakae na wazee wanaojua ngoma zetu, na watoto wote wapige pamoja, wenye ulemavu na wasio nao. Sisi tutapata mwalimu. Wao watapata ujuzi usiopatikana kwenye daftari.

Hili si hisani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wenzake, na wimbo ni sehemu ya elimu.

Sasa hesabu. Tukiwa watu 200, kila mmoja akatoa shilingi 20,000, tunapata 4,000,000. Mafungu ni matatu: ngoma na kayamba kutoka kwa mafundi wetu wenyewe, malazi ya wanafunzi, na njia ya mteremko ili kiti cha magurudumu kiingie ukumbini. Kila mchango uwe na stakabadhi, na hesabu zisomwe mbele yenu kwenye mkutano mkuu ujao.

Tukichanga leo, pale dirishani pasibaki mtoto.