Hofu ya Kukosea Isimnyamazishe Mwanafunzi

Maelezo ya Afisa Elimu Sekondari kwa wakuu wa shule, walimu wa unasihi na wajumbe wa bodi za shule za wilaya yetu



Wahenga walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini mtoto atauliza kwa lugha gani? Mwanafunzi anayetoka katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili amejifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwa miaka saba. Anapoingia Kidato cha Kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Kwa mtoto aliyeanza kusema Kigogo, Kisukuma au Kimasai nyumbani, hiyo ni lugha ya tatu. Jambo alilolifahamu vyema, kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua, linamjia kwa sura ngeni, naye anadhani kwamba hajui kitu.

Mwanafunzi huyo hunyamaza. Anaponyamaza, sisi humwita mzito wa kuelewa. Miaka miwili baadaye anakabiliwa na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na asiyefikia alama zinazotakiwa hurudia darasa. Wengine hukata tamaa kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo, ukimya wa Januari si jambo dogo.

Mtaalamu wa lugha wa Marekani, Stephen Krashen, alieleza katika miaka ya 1980 kwamba hofu na aibu hufanya kazi kama chujio: mwalimu anaweza kusema maneno mazuri, lakini yasipenye katika akili ya mwanafunzi mwenye wasiwasi. Ndiyo maana kufundisha lugha hakutengani na kulea hisia. Shirika la CASEL, lililoanzishwa nchini humo mwaka 1994, limezipanga stadi za kijamii na kihisia katika makundi matano: kujitambua, kujiongoza, kuwatambua wengine, kujenga mahusiano mema na kufanya uamuzi kwa kuwajibika. Wazee wetu waliyaita malezi. Kazi iliyobaki ni kuyaingiza katika kipindi cha somo.

Walimu wenzangu, naomba tuanze na mambo manne yasiyohitaji fedha.

Kwanza, katika wiki za kozi ya awali ya Kiingereza, sentensi za mwanzo kufundishwa ziwe zile za kuomba msaada: sijaelewa, naomba urudie, neno hili maana yake nini? Ziandikwe ukutani zikae mwaka mzima. Mwanafunzi aliye nazo ana mlango wa kubisha.

Pili, baada ya kuuliza swali, mwalimu asubiri. Wanafunzi wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili, watafute maneno pamoja, kisha mmoja wao ajibu kwa Kiingereza. Hapo Kiswahili kinakuwa ngazi ya kufikia lugha ya pili.

Tatu, kicheko cha kumdhihaki aliyekosea kikatazwe tangu siku ya kwanza, na mwalimu aonyeshe mfano. Asahihishe kwa kulirudia jibu kwa usahihi, bila kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake. Vibao vinavyovishwa wanafunzi waliosema Kiswahili, pamoja na viboko vya kosa hilo, tuviache. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kusema hajifunzi Kiingereza; anajifunza kutosema.

Nne, kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza awe na mwenzake wa Kidato cha Pili au cha Tatu wa kumsaidia, na mwalimu wa unasihi azungumze mapema na wale walioacha kunyoosha mkono. Mazungumzo hayo yawe kwa Kiswahili, kwa kuwa mtu hawezi kueleza uchungu wake kwa lugha inayomtia uchungu.

Wapo watakaosema kwamba upole utashusha kiwango. Sipendekezi mtihani mwepesi, wala kupunguza mazoezi ya Kiingereza. Napendekeza mwanafunzi azungumze mara nyingi zaidi, na hilo haliwezekani akiwa na hofu.

Wazazi na walezi, hata msiojua Kiingereza mna nafasi yenu. Jioni muulizeni mtoto: leo uliuliza swali gani darasani? Akujibu kwa lugha ya nyumbani, umsikilize.

Wakuu wa shule, nawaomba kila mmoja aingie katika darasa moja la Kidato cha Kwanza kila wiki, ahesabu ni wanafunzi wangapi wamesema neno, na hesabu hiyo ijadiliwe katika kikao cha walimu. Alama za mtihani zitakuja baadaye. Sauti za wanafunzi tunaweza kuzisikia sasa.