Kelele za Shokapu katika Pikipiki Kuukuu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kariakoo)



Sisi si mafundi. Kazi yetu ni kalamu na mafaili kama kazi yenu. Lakini wengi wetu twaenda kazini juu ya pikipiki zilizokwisha kula chumvi, na chombo kikianza kugonga, mshahara wa karani hutoboka kabla ya tarehe kumi. Habari tutakayoeleza ilitupata wenyewe, nayo ilitula karo ya mtoto.

Pikipiki yetu ni Honda CG125, namna iliyoanza kutolewa na Wajapani katika miaka ya 1970, yenye shokapu mbili mbele na mbili nyuma. Ilianza kulia “ko!” kila tulipoingia shimoni karibu na Mtaa wa Msimbazi, na mara nyingine tuliposhika breki. Tuliipeleka kwa fundi ambaye hatutamtaja. Hakuipanda wala hakuitikisa. Aliitazama tu, akasema shokapu za nyuma zimekufa. Tukanunua jozi mpya, zikafungwa. Jioni ile ile, penye shimo lile lile, “ko!” ikatupokea.

Mzee mmoja afanyaye kazi chini ya turubai upande wa Gerezani ndiye aliyetuuliza neno ambalo ilitupasa kujiuliza sisi wenyewe: Yalia wakati gani? Tulipojibu kwamba hulia hata tukishika breki katika njia iliyo sawa, aliziacha zile shokapu mpya asizitazame hata kidogo, akaenda mbele.

Alitwambia tushike breki ya mbele kwa nguvu, tukisukume chombo mbele na nyuma, naye akaweka vidole vyake shingoni, pale usukani unapoingia katika fremu. Yafaa mwangalie jambo hili la vidole. Breki ya ngoma yaweza kugonga yenyewe kidogo ukisukuma hivyo, na masikio yakadanganyika. Vidole havidanganyiki, kwa kuwa huona ni chuma kipi kinachocheza. Kisha akaliinua gurudumu la mbele, akageuza usukani polepole, kulia na kushoto. Katikati ulikwama kidogo, kama saraka ya meza ya ofisi iliyovimba kwa masika. Maana yake, goroli zimekwisha kuchimba vishimo katika vikombe vyake. Hapo kukaza nati hakuponyi. Ukikaza sana, usukani huwa mzito na pikipiki haishiki njia. Dawa ni vikombe vipya na goroli mpya, na bei yake haikufika hata nusu ya zile shokapu tulizonunua bure. Tena shingo iliyolegea si kelele tu: usukani huweza kutetemeka mikononi mwako ukiwa katikati ya magari.

Si kila “ko!” hutoka shingoni. Mbele ikizama mno na kugonga juu ya matuta, pengine mafuta yaliyo ndani ya shokapu yamepungua. Futa vyuma vyake kwa kitambaa, bonyeza usukani mara tatu nne, utazame. Ukiona duara la mafuta, sili imekatika, na mafuta hayo yakishuka hata kufika penye breki, hiyo ni hatari. Mafuta mapya yatiwe kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, pande zote mbili sawasawa, wala si kwa kukisia.

Nyuma, simamisha chombo kwa stendi ya katikati, ukashike gurudumu na kulitikisa huku na huku. Likicheza penye ekseli, tazama beringi zake. Ukicheza mkono wote ulioshika gurudumu, bushi zake zimeliwa. Kisha liinue juu. Likigonga kabla shokapu haijaanza kusogea, yaelekea ni zile bushi za mpira zilizo mwisho wa shokapu, na hizo huuzwa peke yake. Muuzaji hatakwambia usipomwuliza.

Kabla ya hayo yote, ondoeni visingizio: mnyororo uliolegea, madigadi, bomba la moshi, stendi yenyewe. Mwenzetu mmoja alihangaika majuma mawili, kumbe ni kufuli lililokuwa likicheza chini ya kiti.

Na mizigo pia tuitaje. Jina la mtaa huu latokana na kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Kiingereza katika vita ya 1914 hadi 1918, na yaonekana pikipiki zetu zimerithi kazi ile: gunia la mchele nyuma, mke juu ya gunia. Bushi haziwezi kudumu namna hiyo, nasi wenyewe tumo katika lawama hii.

Pikipiki ya Bwana Katibu iko nje penye kivuli, na asubuhi tuliisikia ikigonga ilipokuwa ikiingia langoni. Kama mwenyewe ataturuhusu, mmoja aje ashike breki, na mwingine aweke vidole.