Ruta Moja, Simu Mia: Kugawa Anwani za Mtandao Mwandoya



Mtu akiniuliza anunue ruta gani, namuuliza kwanza itahudumia simu ngapi kwa wakati mmoja. Wengi huhesabu antena. Antena nne zinapendeza rafuni, lakini hazikuambii chochote. Soma ubavu wa boksi. Viruta vya mfukoni vya laini ya simu aghalabu hupokea vifaa kama 10 tu, na kinachofuata hugonga mwamba hata bando likiwa limejaa. Nyingi za mezani za 4G huandikwa 32. Kwa familia inatosha; kwa gesti ni kubahatisha.

Lililonileta hasa ni anwani. Kila kifaa kinapounganishwa, ruta hukipa namba, mfano 192.168.1.105. Namba hizo ni za ndani, zilizotengwa miaka ya 1990 kwa mitandao binafsi, ndiyo maana yako na ya jirani zinaweza kufanana zisigongane. Za nje ndizo adimu: akiba kuu ya dunia ya anwani za IPv4, ambazo jumla hazifiki bilioni 4.3, iliisha Februari 2011.

Ndani una namba 254, moja ikiwa ya ruta yenyewe. Lakini ruta nyingi hutoka kiwandani zikigawa sehemu tu, tuseme 100 hadi 199. Sasa chukua mgahawa siku ya mnada. Mteja anakula wali, anaunganisha simu, anaswaga ng'ombe wake kuelekea Mwanhuzi. Namba yake inabaki: ruta inamtunzia saa 24. Mteja wa 101 anaambiwa na simu yake kwamba inatafuta anwani ya IP, inatafuta, inatafuta, basi. Mwenye mgahawa analaumu mnara. Anazima ruta na kuwasha, mara nyingi orodha inafutika na mambo yanakaa sawa, hadi mnada mwingine.

Dawa haiuzwi dukani. Soma kibandiko chini ya ruta, andika anwani iliyopo hapo kwenye kivinjari, ingia palipoandikwa DHCP. Punguza muda wa kutunza namba uwe saa moja, kisha tanua mgawo uanzie 20 hadi 250. (Na pasiwedi ya kiwandani ibadilishe hapo hapo, wateja nao wanasoma vibandiko.)

Wa stesheneri wana kero yao: umeme unakatika, ukirudi printa imepewa namba nyingine na kompyuta haiioni. Printa na kamera zitengee namba za kudumu kwenye ukurasa huohuo.

Ukiongeza ruta ya pili ili mtandao ufike vyumba vya nyuma, ipe 192.168.1.2, zima ugawaji wake wa anwani, na waya uchomeke kwenye tundu la kawaida, si lile la intaneti. Ukisahau kuzima, zote mbili zitagawa, na simu mbili zinaweza kujikuta na namba moja. Ziko mbili hapa mezani, sogeeni tuziunganishe.