KUURUDIA MTIHANI WA UHASIBU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Halmashauri imetuomba tuseme machache juu ya mtihani, na tulipopata barua ile tulicheka kidogo, kwani aliyechaguliwa kusema si yule aliyefaulu mara moja, bali ni yule aliyeanguka mara mbili. Walakini yamkini Halmashauri imefanya vema. Aliyevuka mto pasipo kulowa hawezi kukuonyesha mahali penye kina.

Mtihani wenyewe ni ule wa chama cha wahasibu kilichoanzishwa London mwaka 1904, ambacho wengi wetu twakijua kwa herufi zake, ACCA. Kwa utaratibu tulioukuta sisi, una karatasi 13, na iliyotuangusha ni ile ya Taarifa za Fedha, ambamo mtu hupewa urari wa kampuni na kutakiwa atoe mizania na hesabu ya faida kwa kufuata kanuni za kimataifa. Alama ya kufaulu ni 50. Mara ya kwanza tulipata 41, na mara ya pili 47. Wanaofaulu karatasi hiyo ulimwenguni huwa karibu nusu tu ya wanaoifanya, kwa hiyo aliyeanguka ana wenzake wengi, lakini habari hiyo haikutufaa kitu siku ile ujumbe ulipoingia katika simu tukiwa kazini, na karani wa meza ya pili akauliza, "Vipi, ndugu?" Tulimjibu kwamba mtandao ni mbovu.

Ada tulikuwa tumeikopa katika chama cha kuweka na kukopa, tukakatwa mshahara miezi sita. Mama watoto hakusema neno, ila mwezi ule mtoto wetu mkubwa alikwenda shule na viatu vya mwaka uliopita, vikiwa vimetobolewa mbele ili vidole vipate nafasi. Hatusemi haya kwa kutaka huruma. Twasema ili ijulikane ya kwamba kurudia mtihani si jambo la kitabu tu, na mtu asiyeangalia kwa nini alianguka hulipa ada ya pili kwa kosa lile lile.

Nasi ndivyo tulivyofanya. Baada ya 41 tulikifungua kitabu ukurasa wa kwanza, tukakisoma chote, tukakirudia, na mistari tukaipaka rangi ya manjano hata ukurasa mweupe ukawa haba. Shuleni kwa Wamisheni tulizoezwa kukariri, na tulikuwa hodari. Tulidhani basi kwamba kinachojulikana kwa macho kimejulikana. Hasha! Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha habari za wanafunzi waliopewa kifungu cha kusoma. Wengine walikisoma tena, wengine walifunika karatasi na kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikumbuka sehemu 81 katika mia, na wale wengine 75. Lakini baada ya juma moja waliosoma tena walibaki na 42, na walioandika kwa kukumbuka walikuwa na 56. Tazameni hila iliyomo humo: njia iliyo dhaifu ndiyo impayo mtu raha usiku ule ule. Rangi yetu ya manjano ilitupa raha nyingi sana.

Baada ya 47 tulikasirika siku tatu, kisha tukatwaa daftari. Karatasi uliyoifanya hairudishwi kwako, kwa hiyo tulijitahidi kukumbuka kila swali, la kwanza hata la mwisho, na mbele ya kila moja tukaandika sababu: hatukujua, au tulijua tukakosea, au hatukufika. Tulitazamia kuona "hatukujua" imejaa. Haikujaa. Iliyojaa ni "hatukufika".

Hapa, ndugu, ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Mtihani ule ulikuwa wa saa tatu na alama 100, yaani dakika 180, au dakika moja na sehemu nane za kumi kwa kila alama. Fungu la kwanza, maswali mafupi ya kuchagua, lilikuwa na alama 30, basi haki yake ni dakika 54. Fungu la pili vivyo hivyo. Na maswali mawili makubwa ya mwisho, alama 20 kila moja, haki ya kila moja ni dakika 36. Sisi tulikuwa tumekaa katika mafungu mawili ya kwanza dakika 140, tukishindana na swali la alama mbili kama mtu ashindanaye na mbuzi mlangoni. Zikabaki dakika 40 kwa alama 40. Tangu hapo tulifanya kila zoezi na saa mezani, na dakika zilipokwisha tuliweka kalamu chini hata kama sentensi haijaisha. Swali la kuchagua lisilojulikana tulilijibu kwa kubahatisha na kupita, maana jibu lililokosewa halikatwi alama.

Kosa la "tulijua tukakosea" lilikuwa karibu lote mahali pamoja, katika kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu. Mfano wake ni huu. Kampuni mama yanunua hisa 80 katika mia za kampuni tanzu tarehe 1 Aprili, na mwaka wa hesabu huisha tarehe 31 Desemba. Faida ya kampuni tanzu kwa mwaka mzima ni shilingi 120,000,000, nayo ilipatikana sawasawa miezi yote. Sisi tuliiingiza yote, na ilhali miezi mitatu ilikwisha kupita kabla ya kununua. Itakiwayo ni ya miezi tisa, shilingi 90,000,000. Na katika hizo shilingi 18,000,000 ni za wenye hisa wale wengine. Mtoto wa darasa la saba angeweza kuipiga hesabu hiyo. Tulikosea kwa sababu tulikuwa hatuandiki tarehe. Sasa kabla ya lolote twachora mstari wa mwaka, twatia alama siku ya kununua, ndipo tunaanza. Tena twaonyesha njia yote, kwani katika maswali makubwa mtahini hutazama hatua, na aliyekosea tarakimu moja akaendelea kwa njia ya haki hupata alama za njia hiyo.

Wakati wa kusoma ulikuwa saa kumi na nusu ya alfajiri mpaka saa kumi na mbili, siku tano za juma, simu ikiwa chumba kingine. Jioni tuliijaribu tukaiacha. Karani aliyekwisha kulinganisha hati za malipo mchana kutwa hana akili ya kulinganisha tena usiku. Maswali tuliyachanganya makusudi, leo ukodishaji, mara uchakavu, mara mapato ya mikataba, maana katika mtihani hakuna akuambiaye swali hili latoka sura gani. Na safari: mara mbili za kwanza tulipanda basi la usiku kutoka Morogoro tukaingia Dar es Salaam na mtihani siku ile ile, ili kuokoa fedha ya chumba. Mara ya tatu tulilala kwa binamu yetu Ilala. Tulipata 58.

Karatasi zaidi ya hiyo bado zatungoja, na mojawapo twaiogopa kweli.

Jambo la mwisho lahusu ndugu mmoja wa chama hiki, ambaye hatutamtaja. Alipata 46 msimu uliopita, na tangu siku ile haonekani katika chumba cha kusomea. Twasikia hupita njia ya nyuma akitoka kazini. Tukiwa sisi ndio tuliosema mtandao ni mbovu, twamwelewa. Daftari letu la makosa lipo juu ya kabati, ukurasa wa 47 u wazi, yeyote aweza kulisoma. Twakutana kila Jumatano saa kumi na moja jioni. Kiti chake karibu na dirisha hatujampa mtu.